Siku Niliyomwambia Bi Mishi Asije

Nguo ya bafta ikiwa mpya ina harufu yake. Ni harufu ya wanga na vumbi la duka, na ukiichana kwa mkono hutoa mlio mrefu, khraaa, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Nimefika umri huu, nimezika wazee wangu, mume na mwana mmoja, na bado mlio ule hunisimamisha malaika ya mwili.

Juzi niliitoa bafta yangu kashani. Ninyi wa rika langu hamna haja ya kuelezwa. Mwanamke mtu mzima wa Mji wa Kale akiwa na bafta nyeupe chini kabisa ya kasha, chini ya leso ambazo hazijavaliwa, mwajua ameiwekea nini. Nilitaka kuipunga hewa, niipime, nichane na zile kamba za kufungia, ili siku yangu ikifika watoto wasihangaike kukimbia madukani. Nikamwita mjukuu wangu Nasra, aliyekuja kwangu likizo kutoka Ganjoni. Ana miaka minane. Nikamwambia, "Nasra, ndoo hapa unishikie pindo hili." Akashika. Nikavuta. Khraaa.

"Nyanya, ni ya nini?"

Kabla sijafungua kinywa, mamake, binti yangu Rukia, akamjibu kutoka jikoni: "Mtoto hatumwi akauliza! Shika unapoambiwa ushike."

Maneno yale yale, katika nyumba ile ile ya Kibokoni, mbele ya ukuta ule ule wenye vidaka vya kuwekea vitu. Nilikaa kitako juu ya mkeka, na Rukia akaja mbio akidhani sukari imenishuka. Haikuwa sukari. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka saba, na nilikuwa naogopa.

Hofu yangu ilianzia kwa jirani. Nyumba iliyopakana na yetu ilikuwa ya Bi Rehema, mamake Amina, rafiki yangu wa chuo cha Kurani. Asubuhi moja nilikwenda kumpitia Amina twende chuoni, nikakuta mlango umerudishwa nusu. Mbele yangu aliingia mama mmoja mnene wa Kuze, Bi Mishi binti Omari, kakamata kikapu kilichofunikwa kitambaa cha kijani. Mimi nikasimama nje, jicho langu kwenye ufa wa mlango. Nikaona wanawake wawili wamekaa chini wanachambua pamba. Nikaona bafta imeshikwa huku na huku, ikachanwa, khraaa, ukatoka ukanda mrefu, na mwengine, na mwengine. Nikamwona Bi Mishi akikunja mikono ya kanzu yake mpaka kwenye viwiko na kuagiza maji. Halafu mtu akaniona, akanifukuza. "Kijana we, nenda kwenu!"

Kabla ya adhuhuri Bi Rehema alitolewa kwenye jeneza, amefunikwa, wanaume wakipokezana, na shahada zikijaa kichochoro chote.

Sikujua kwamba Bi Rehema alikuwa amekata roho tangu alfajiri. Hakuna aliyenieleza. Mimi niliona nilivyoona: Bi Mishi aliingia, bafta ikachanwa, mamake Amina akatoka hali yake ile. Kwa akili yangu, mtu alikuwa akiishi na watu wake salama salimini mpaka Bi Mishi alipotia mguu na kile kikapu chake. Amina alirudi chuoni siku ya tatu, macho yamevimba. Akakaa ubavuni mwangu kama kawaida, akaniuliza kama nina embe mbichi. Sikuwa nayo. Mpaka leo najuta kwamba sikuwa nayo.

Tangu siku ile nikimwona Bi Mishi anakuja ndiani hugeuka nikajitia kwenye mlango wowote uliokuwa wazi. Naye alikuwa mama wa mzaha, kicheko chake chasikika mtaa wa pili. Siku moja alimwambia nyanya yangu barazani, "Mwanaidi, huyu mjukuu wako akiniona ajificha kama kwamba kaniibia kuku. Niambie ukweli, mwamla kuku wangu?" Nyanya akacheka. Akasema, "Zena ana haya tu." Haikuwa haya.

Basi ikaja miezi mama yangu akawa hawezi. Ndivyo nilivyoambiwa: "Mamako hawezi, usipige kelele." Alikuwa akilala chumba cha juu, dirisha nusu. Nikipelekwa kumsalimu nilimkuta amefunikwa leso mbili, uso umemvimba, miguu imemvimba, ananipapasa kichwani na kuniuliza kama nimekula. Niliyajua ukubwani yaliyokuwa yakifichwa: mama alikuwa na mimba, na kabla yake mbili zilikuwa zimeharibika. Nyanya Mwanaidi, ambaye ndiye aliyemzaa mama yangu, aliapa kwamba hii ya tatu haitatajwa na ulimi wa mtu. Aliogopa jicho. Hata baba yangu, Athmani, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, alikatazwa kuisema mbele za watu. Na mtoto mdogo ni mtu wa kwanza kufichwa, maana mdomo wake hauna kitasa. Sisi enzi zile tulikuwa tukiambiwa watoto hununuliwa, tukaamini, na mimi nilikuwa nikijua hata bei yake, kwani Amina aliniambia.

Siku moja baada ya chuo nyanya akaniita chini, kwenye ukumbi wa nyuma. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na jora la kitambaa cheupe limefunguka magotini mwake. Nikasikia ile harufu.

"Zena, ndoo hapa. Shika pindo hilo ukaze."

Nikashika. Akavuta. Khraaa. Ukatoka ukanda mrefu, upana wa mkono wangu mara mbili. Akauweka kando, akachana mwengine.

"Nyanya, vya nini hivi?"

"Mtoto hatumwi akauliza." Hakuninyanyulia hata uso. "Utatoa nyuzi hizi za pembeni zote, uzi mmoja usibaki. Ukimaliza uvifue, uvianike juani. Kisha uchambue pamba ile, mbegu hata moja nisiione."

Pamba! Ilikuwa pale kwenye ungo, chungu nzima. Nikaitazama. Juu, kwenye mbao za dari, nilisikia kitanda cha mama kikilia alipojigeuza.

Mama mdogo Fatuma, mdogo wake mama, akapita na birika la maji. Nyanya akamwambia kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu: "Mwambie Bi Mishi asitoke mtaani mwezi huu."

Basi yakawa matatu. Bafta, pamba, na Bi Mishi. Sikuwa na haja ya mtu kunieleza tena. Nilijua wamekata shauri kumtoa mama yangu, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kutoa nyuzi.

Nitawaambia hofu ya mtoto ilivyo, kwa kuwa wengi wetu tumeisahau. Haina maneno. Hukaa hapa, chini ya koo, kama punje ya wali iliyokwama, na kila ukimeza yarudi. Nilikaa kwenye mkeka ule siku nne nikitoa nyuzi, na kila uzi niliona nautoa kwenye mwili wa mama. Sikumuuliza mtu. Nimuulize nani? Nyanya amenikataza, baba akirudi ni magharibi, na mama mwenyewe nitamuulizaje, "Mama, wajua kama wataka kukuzika?" Nikapanda juu mara moja nikamwambia, "Mama, wewe usilale. Ukilala wafikiri u tayari." Akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema, "Nenda kacheze, mwanangu."

Nikawaza kama wanavyowaza watoto: kazi isipokwisha, jambo haliwezi kuwa. Nikawa nachambua pamba na mbegu nazirudisha. Nyuzi nazitoa upande mmoja tu. Nyanya akipita huniambia, "Mikono yako leo ina baridi gani?" Hatimaye akachoka, akavimaliza mwenyewe usiku, akavifua, akavianika, vikawa vyeupe kama punje ya kitunguu thomu. Akavikunja, akaviweka kwenye kidaka cha chini. Ile mikunjo niliihesabu: sita.

Asubuhi yake, nyanya alipopanda kumpelekea mama uji, niliichukua yote sita na pamba yake, nikaingia kwenye kichumba cha makaa chini ya ngazi, nikaifukia. Niliifukia mpaka chini ya gunia, kulikokuwa na unga mweusi na unyevu. Mikono na kifua cha kanzu yangu vikawa vyeusi. Nikasema nilianguka. Nikapigwa kofi moja kwa kuchafua kanzu, nikaona raha. Siku ile tu nililala usingizi mzuri.

Lakini ngoja.

Haikufika hata wiki. Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa, jua la utosi, mtaa umenyamaza watu wamelala. Nikasikia mama analia huko juu. Si kilio cha kulia, ni mlio wa mtu anayesukuma kabati peke yake. Kisha miguu ya nyanya ngazini, na uso wake ukachungulia chini, na sikuwahi kumwona nyanya bila mtandio ila siku ile.

"Zena! Kimbia kwa Bi Mishi, Kuze. Mwambie, nyanya asema sasa. Wanisikia? Nyanya asema sasa. Usisimame ndiani!"

Mama mdogo alikuwa amemshika mama mgongo, nyanya hakuweza kumwacha, baba yuko Kilindini, na jirani hakutakiwa kujua. Wa kutumwa ni mimi tu.

Nikatoka. Kutoka kwetu mpaka kwa Bi Mishi ni mwendo wa mtoto kula andazi moja. Nilifika pembe ya kwanza, miguu ikakataa. Nikaona kwa macho yangu: nikimwita, atakunja mikono ya kanzu, ataagiza maji, na kabla ya magharibi mama atatolewa kwa mlango mkubwa, wanaume wakipokezana. Na aliyemwita ni mimi. Nisipomwita, mama atalia, lakini atakuwapo.

Nikakaa kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, nikakumbatia magoti. Mzee Shee, aliyekuwa akipitisha kahawa kila alasiri, akapita na dele lake akigonga vikombe.

"Ah, binti Athmani! Wamngoja mchumba hapa? Mwambie Mzee Shee bado yuko."

Siku nyengine ningemtolea ulimi. Siku ile nilimtazama tu. Akapunguza mwendo. "Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema.

Ndio urongo wangu wa kwanza. Akaenda zake.

Sijui nilikaa muda gani. Najua adhana ya alasiri ilinikuta pale. Na adhana ndiyo iliyonitia wazo baya kuliko yote: nyanya akiona sirudi, atamtuma mtu mwengine. Atampigia kelele jirani dirishani, na Bi Mishi atakuja. Kumwacha bila kumwita hakutoshi. Lazima azuiwe.

Nikainuka nikaenda Kuze kwa miguu yangu.

Bi Mishi alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wake, anachambua mchicha ndani ya sinia. Nikasimama mbali, nyuma ya kivuli cha ukuta. Sikumpa salamu.

"Nyanya asema usije."

Akainua uso. "Nani?"

"Nyanya Mwanaidi. Asema usije. Mama hajambo. Hana haja."

Bi Mishi akaweka mchicha chini, tawi moja moja, kama kwamba ni mayai. Hakucheka. Mara ya kwanza kumwona hacheki.

"Mwanaidi amekutuma wewe, na jua hili, kuniambia nisije?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, mimi nina miaka sitini. Mtu hutuma mtoto kuita. Sijapata kuona mtu akituma mtoto kusema hana haja." Akanyoosha mkono, akanikazia macho. "Sogea. Nitazame mato."

Sikusogea. Akainuka yeye, na mimi nikapiga ukelele, nikajifunika uso.

"Usimchukue mama! Ulimchukua mamake Amina! Nilikuona! Uliingia na kikapu, ukachana bafta, ukamchukua! Usimchukue mama yangu!"

Nikafungua vidole kidogo. Mama yule mnene alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la kichochoro, usawa wangu, na macho yake yamejaa maji.

"Lahaula," akasema polepole. "Hayo ndiyo uliyobeba, wewe kijana?" Kisha akanikamata mabega. "Sikiliza, na usilie. Bi Rehema nilimkuta ameshakwenda, nikamsitiri. Lakini mikono hii, itazame, mikono hii ndiyo ya kwanza kukugusa wewe ulipotoka tumboni. Kabla ya mamako, mimi. Hii ioshayo waliokufa ndiyo hiyo hiyo ipokeayo wanaozaliwa. Mamako hafi. Mamako azaa. Wasikia? Azaa kijana, na akikaa peke yake ndipo atakapokufa. Nyanyako alisemaje? Neno lake hasa."

"Nyanya asema sasa."

"Lini?"

"Adhuhuri."

Sijapata kuona mtu mnene akikimbia vile. Alivuta buibui msumarini, akatupa kikapu mikononi mwangu. "Beba! Kimbia mbele, upige kelele watu wapishe!" Na mimi nilikimbia. Jamani, nilikimbia. Kile kikapu nilichokuwa nikikiogopa kuliko kaburi nilikikumbatia kifuani na kupiga kelele, "Pisheni! Mama yangu azaa! Pisheni!" Siri ya nyanya ya miezi tisa niliitangaza kuanzia Kuze mpaka Kibokoni, hata Mzee Shee aliisikia akabwaga dele.

Hofu haikuniacha. Iligeuka tu. Mwanzo niliogopa atafika. Sasa niliogopa hatafika kwa wakati.

Nilikaa kwenye ngazi, wakanifungia mlango. Nilisikia sauti ya Bi Mishi, ya juu, kisha ya chini. Nilisikia mama akiita jina la Mungu, kisha akawa haiti tena. Kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kulia. Nikaweka shavu langu kwenye mbao za ngazi na kuahidi mambo yote ambayo mtoto anaweza kuahidi. Halafu kikasikika kitu kama paka mchanga, mara moja, kikakatika. Kofi. Kikaja tena, na safari hii hakikukatika.

Nikainuka. Lakini mlango haukufunguliwa kwa furaha. Alitoka nyanya, akashuka mbio, na kanzu yake ilikuwa na damu mpaka magotini.

"Mikaja! Iko wapi mikaja? Niliiweka hapa kidakani!" Alikuwa anapapasa kidaka kitupu kama kipofu.

Mkaja, kwa vijana wasiojua, ni ule ukanda mrefu anaofungwa mzazi tumboni akishajifungua, ukakazwa, ili tumbo lirudi. Na mama yangu alikuwa akivuja damu. Bi Mishi alipiga kelele kutoka ndani, "Mwanaidi! Leso ni fupi, yafunguka! Nataka bafta ndefu, safi, nataka sasa hivi!"

Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yake. Zile nyuzi nilizotoa, ile mikunjo sita.

"Nyanya," nikasema. Hakunisikia. Nikasema tena. "Nyanya, niliifukia makaani."

Alinitazama. Sijatazamwa vile tena maisha yangu yote. Hakunipiga, hakunitukana, hakuwa na muda wa lolote katika hayo. Aligeuka, akaenda kwenye kasha lake, akatupa leso nje, moja, mbili, tano, mpaka chini kabisa, akatoa bafta iliyokunjwa, ya manjano kidogo kwenye mikunjo, inanukia udi. Ilikuwa sanda yake. Aliinunua mwaka aliofiwa na babu, na kuoshwa ilioshwa kwa maji ya Zamzam aliyoletewa na mahujaji, na sisi sote tulikatazwa hata kugusa kufuli la kasha lile.

"Shika pindo hilo ukaze," akaniambia.

Nikashika. Nilikuwa nalia sioni, lakini nilikaza kama niliyeshika kamba ya kisima na mama yuko mwisho wake. Akavuta. Khraaa.

Mama hakufa. Alifungwa kwa sanda ya nyanya siku arubaini, na siku nyingi katika hizo hakuweza kuketi. Hakupata mimba nyengine. Kama ni kwa sababu yangu, hakuna aliyenambia, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumuuliza Bi Mishi alipokuwa hai. Ndugu yangu Ali, yule paka mchanga, sasa ana mvi za ndevu na anakaa Tudor na wajukuu wake. Akinipigia simu huanza, "Hujambo, Bi Usije?" Jina hilo alinipa Bi Mishi mwenyewe, likanikaa mpaka leo.

Nilingoja kipigo siku saba. Siku ya saba Bi Mishi alikuja kumwosha mtoto, wakanywa kahawa na nyanya, mimi nikiwa mlangoni naogopa. Nikamsikia akimwambia, "Mwanaidi, kosa si la kijana. Umempa kazi, hukumpa maana yake. Basi ameishona maana mwenyewe, kwa uzi alioukuta." Nyanya alizungusha kikombe. Kisha akaniita, nikaenda nimejikunja kungoja kofi, naye akanikalisha, akanipa sinia ya vitunguu.

"Hivi," akasema, na alikuwa akisema kwa tabu, kama mtu anayeng'oa jino, "ni vya pilau ya siku ya saba ya nduguyo. Haya, menya."

Tangu siku ile mpaka alipoondoka duniani, nyanya hakunipa kazi ila kwanza aniambie ni ya nini. Kama ni kuchota maji, "ya kuoga baba yako." Kama ni kusaga liwa, "ya uso wa bibi harusi, saga laini." Watu walimcheka. Aliponunua bafta nyengine alinichukua dukani, akaniambia mbele ya muuza duka, "Hii ni sanda yangu, badala ya ile." Nikaogopa, lakini kuogopa kitu unachokijua ni kuogopa kwengine, unaweza kufanya kazi nako. Nyuzi zake nilizitoa mimi. Na siku yake ilipofika, niliyefungua kasha ni mimi, na hakuna uzi uliobaki.

Basi juzi, pale kwenye mkeka, Rukia ananipepea na Nasra amesimama kashika pindo, uso umemwiva kwa kukemewa na mamake. Nikamwona. Nikajua anayo tayari maana yake mwenyewe kichwani, na sijui ni ipi.

"Rukia," nikasema, "rudi kwenye samaki wako wasiungue. Nasra, kaa hapa. Umeniuliza ni ya nini. Ni sanda yangu. Siku nitakapokufa nitavishwa hii."

Rukia akaita, "Mama!" kama niliyetukana. Nasra aliliachia pindo likaanguka. Mimi pia nilikuwa naogopa, kusema kweli, maana si jambo jepesi kumwambia mjukuu, na maneno yakishatoka hayarudi.

"Utakufa lini?"

"Sijui, mama. Hakuna ajuaye. Leo tuna samaki wa kupaka."

Akafikiri. Kisha akapiga magoti, akaokota lile pindo, akalileta karibu na macho, akaanza kutoa nyuzi za pembeni, polepole, wala sikumwonyesha. Upande mmoja, na wa pili. Alipofika mwisho alirudi nyuma, kuna uzi mmoja alikuwa ameuruka. Akauvuta.

"Huu ungekuwasha," akasema.